Masika ya Bomba Namba Saba

2 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana tukiwa kwenye kikao cha kujadili itaanza lini. Mkuu wa Bwawa alifunga dirisha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kutuonyesha jedwali la watabiri: bado wiki mbili. Nilicheka peke yangu. Daftari hili nimelianza kwa ushauri wa mume wangu, mwalimu mstaafu aliyechoka kunisikiliza. "Andika, mke wangu," alisema. "Karatasi haichoki haraka kama mimi."

Leo pia nimeletewa mhandisi mpya katika kitengo changu cha vipimo. Ni mwanamke, ana miaka ishirini na sita, na mkataba wake ni wa majaribio: mwisho wa Mei Mkuu ataamua abaki au aende. Kwa miaka ishirini na miwili mhandisi mwanamke hapa nimekuwa mimi peke yangu. Nimeandika makala kumi na tisa katika jarida la chama chetu cha wahandisi, nikiwachapa kwa kalamu wote wanaotufungia milango sisi wanawake. Mmoja aliwahi kuniita mama mwenye ulimi wa msumeno, nikayabandika maneno hayo ukutani. Basi nilitegemea kwamba siku hii nitafurahi. Badala yake nilijihisi kama mtu aliyetoka kidogo nje akarudi na kukuta kiti chake kimekaliwa.

Wenzangu wameshamwita Mgeni. Na mimi nitamwita hivyo.

5 Machi

Mvua kutwa. Bwawa limepanda sentimita tisa.

6 Machi

Nimemzungusha Mgeni kwenye tuta. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote: ukuta wetu hauna zege, ni tuta la udongo ulioshindiliwa, lenye kimo cha jengo la ghorofa nane, na bondeni chini yake kuna mitaa minne ya watu wanaoamini kwamba tunajua tunachofanya. Ndani ya tuta kuna mabomba membamba kumi na mawili, yamesimama wima. Kila asubuhi msomaji anashusha utepe ndani ya bomba. Utepe ukigusa maji unalia, naye anaandika umeshuka mita ngapi. Nambari kubwa ni habari njema, maana maji yako mbali chini. Nambari ikipungua, maji ya bwawa yanajipenyeza kwenye udongo na kupanda. Ikipungua kupita kiasi, maji huanza kuondoka na udongo, na siku moja tuta huondoka pia.

"Na hili?" aliuliza tulipofika juu ya bomba namba saba, lililo katikati ya mteremko, penye nyasi telezi kama sabuni.

"Saba imelala," nilisema. "Mita 11.4. Siku za mvua hatuishukii. Andika ya jana."

"Ya jana ilisomwa lini, mama?"

"Jana," nilisema, nikaendelea kutembea.

9 Machi

Ofisi imebandika bango jipya ukumbini. Mwanamke mwenye helmeti nyeupe isiyo na tone la tope anaangalia mbali kama anayesubiri basi, na chini yake imeandikwa kwamba sayansi inamhitaji. Mimi sayansi ilinihitaji miaka sita kabla haijanijengea choo. Nilikuwa natembea dakika kumi na moja mpaka nyumbani kwa mlinzi, nikingoja mkewe amalize kuoga. Bango lingekuwa la choo ningelisalimia kila asubuhi.

Mgeni alisimama kando yangu akilitazama. "Hajashika hata kipimo," alisema.

Nilitaka kucheka. Nikakumbuka kwamba mimi ni bosi wake, nikakohoa.

15 Machi

Mgeni ameshuka saba. Hakuniuliza. Alirudi ametapakaa tope kuanzia magotini hadi sikioni, na Fundi wa Lango, mzee wetu wa utani, alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Mhandisi, leo umelima ekari ngapi?"

"Mbili, fundi. Nimekuachia ya tatu, ukipata nguvu."

Wote walicheka, yeye pia akacheka, kisha akafuta mikono na kuniletea nambari: 9.8.

Nilimwambia utepe umeharibika. Akaenda akautandaza sakafuni, akaupima kwa rula ya chuma mita baada ya mita huku watu wakimruka. Utepe ni mzima. Nikamwambia arudie kesho, na kitabuni aandike kwa penseli.

16 Machi

Saba: 9.7. Kwa penseli.

21 Machi

Saba: 9.5. Mvua haijakatika tangu Jumanne. Nimemkaripia Mgeni mbele ya watu kwa kuchelewesha taarifa ya wiki. Taarifa ilichelewa kwa dakika ishirini.

Mume wangu ameniuliza jioni binti anaendeleaje. Nikasema anajitia ujuaji.

"Enhe," akasema. "Namkumbuka mwingine wa aina hiyo. Nilimuoa."

27 Machi

Kikao. Mgeni ameandika ripoti ya kurasa tatu: maji ya saba yanapanda, sasa ni 9.2, mstari mwekundu ni 8.0, na anapendekeza lango la chini lifunguliwe ili bwawa lipungue mita nne kabla ya mvua kubwa za Aprili.

Mkuu si mtu mbaya, naandika hili nikiwa na akili zangu timamu. Mwaka jana mji ulikaa miezi minne ukipata maji siku mbili kwa wiki, na yeye ndiye aliyesimama redioni kutukanwa na kila mwenye simu. Aliahidi kwamba mwaka huu bwawa litajaa. Sasa linajaa, na binti wa wiki nne anamwambia alimwage.

"Mwanangu," alisema, kwa upole kabisa, "unajua nani alisoma saba kabla yako?" Akaninyooshea kiganja. "Mama huyu. Halafu waliofuata, chini ya saini yake. Masika ishirini na mawili, nambari ileile. Sasa niambie, nimwamini nani?"

Mgeni alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuomba maji na sasa anayasubiri.

"Mama, umewahi kuiona chini ya kumi?"

"Sijawahi kuiona chini ya kumi," nilisema.

Kila neno la sentensi hiyo ni kweli. Nimeandika sentensi nyingi maishani mwangu, na za kuwaumiza watu zimo. Hiyo ndiyo chafu kuliko zote.

Ripoti imewekwa kando. Mkuu ameandika waraka: bomba namba saba lisitumike kuamulia jambo lolote, kwa kuwa masomo ya sasa yanapingana na rekodi ya muda mrefu.

28 Machi

Saba: 9.1.

30 Machi

Saba: 9.0.

4 Aprili

Wifi yangu amekuja mchana. Anakaa bondeni, mtaa wa tatu, nyumba yenye bustani ya mboga inayogusa kijito. Alianza kabla hajavua viatu.

"Wifi, nasikia mmeajiri msichana wa kuhesabu matone."

"Anahesabu vizuri."

"Basi mwambie paa langu linavuja, aje ahesabu na kule." Akacheka, akachukua chai yangu badala ya yake, kama kawaida yake. Kisha akaacha kucheka. "Fundi wa Lango kasema sokoni kwamba huyo msichana anasema ukuta unalowa. Nihame, nisihame? Niambie kama wifi, usiniambie kama gazeti."

"Usihame."

"Unaapa?"

Nilimwambia mimi siapi, mimi ni mtu wa sayansi. Akaridhika. Aliondoka na mwavuli wangu.

Saba: 8.8.

10 Aprili

Nilialikwa zamani kuzungumza na wasichana wa sekondari kuhusu uhandisi, na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wasichana mia mbili kwenye ukumbi wenye harufu ya sare mbichi. Niliwapa hotuba yangu ile ile. Niliwaambia watu watawadanganya, sifa zitawadanganya, na nambari pekee haidanganyi. Huwa wanapiga makofi hapo. Wakapiga.

Msichana mmoja mwembamba wa mstari wa nyuma akasimama. "Mama, siku ya kwanza uliyochekwa kazini, ulifanya nini?"

"Nilicheka nao," nilisema, "kisha nikarudi kazini."

Akaandika. Nilimwona akiandika jibu langu kwenye daftari lake, neno kwa neno, na kulipigia mstari.

Saba: 8.5.

11 Aprili

Jumapili. Mume wangu ametoka. Mvua inapiga bati kiasi kwamba hata redio sikuiwasha. Nitaandika sasa, la sivyo sitaandika kamwe.

Masika yangu ya kwanza hapa nilisoma mabomba yote kumi na mawili, saba ikiwemo. Siku za kwanza za mvua nilishuka kila asubuhi. Siku moja, nikiwa napanda kurudi, niliteleza. Nilivaa sketi, kwa sababu mkuu wa wakati ule hakuruhusu wanawake kuvaa suruali. Nilikwenda kwa mgongo mpaka mguuni mwa tuta, sketi ikiwa kifuani, na juu kulikuwa na wanaume tisa wamejipanga kama wako uwanjani. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwa mwezi mzima nilipopita mtu alijifanya anateleza.

Kesho yake kulikuwa na mvua. Nilisimama juu ya mteremko na utepe mkononi. Saba ilikuwa imesoma 11.4 kiangazi chote. Nikaandika 11.4, nikaondoka. Keshokutwa yake hivyo hivyo. Wangeniona nikiogopa wangesema wanawake hawaiwezi kazi hii, na mimi nilikuwa nimeapa kuwaonyesha kwamba tunaiweza. Kwa hiyo niliificha hofu ndani ya nambari, mahali ambapo hakuna anayetafuta hofu.

Mwaka uliofuata nilikuwa na suruali. Ningeweza kushuka. Lakini ningeshuka nikute kitu kingine, ningesema nini kuhusu mwaka uliopita? Kisha wakaja wasomaji wengine, nikawafundisha: saba imelala. Kiangazi tuliisoma kweli, mara moja moja, na ilikuwa 11.4, nami nikajiambia unaona? Masika hakuna aliyeshuka. Ikawa desturi ya kazi.

Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayejua saba hufanya nini wakati wa mvua. Huenda inapanda hivi kila mwaka kisha inashuka, na tuta ni zima. Huenda mwaka huu ndio wa kwanza, na tuta linaoza kwa ndani. Rekodi ingetuambia. Rekodi nimeila mimi.

Na sasa hiyo rekodi wanampigia nayo binti mwenye haki. Makala kumi na tisa nimewauliza wanaume: mnatumia nini kutunyamazisha? Mwaka huu wanatumia mwandiko wangu.

12 Aprili

Sikusema. Nilifika mlangoni kwa Mkuu, alikuwa kwenye simu, nikarudi. Saba: 8.3.

14 Aprili

Mgeni huchukua maji yanayochuruzika mguuni mwa tuta, kila asubuhi chupa moja ya kioo, na kuipanga dirishani. Yakiwa maangavu, tuta linatoa jasho tu. Yakiwa na tope, linatoa nyama. Chupa za wiki iliyopita zinapitisha mwanga. Ya jana ina ukungu. Ya leo imeacha chini tabaka la udongo la unene wa kucha.

Mkuu alizitazama chupa, akasema mvua inasomba udongo wa juu, ni kawaida. Inawezekana. Kisha akampa Mgeni barua: ripoti yake imevuja hadi sokoni na kutia watu hofu, aifute kwa maandishi kufikia Ijumaa, au majaribio yake yaishie hapo.

Nilimkuta chumba cha vitabu. Nilidhani analia. Alikuwa anachonga penseli.

"Utaifuta?" nikamuuliza.

"Mama ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Swali la pili la aina hiyo ndani ya siku tano. Nikasema, "Subiri." Ndilo neno nililoweza kulitoa.

Saba: 8.1.

16 Aprili

Ijumaa. Naandika hili saa kumi na moja jioni, nimekaa kwenye gari, viganja vikiniwaka kwa sababu ya gurudumu. Nitafika kwenye gurudumu.

Asubuhi nilimfuata Mgeni mpaka saba. Sikumwambia, nilimfuata tu. Nina miaka hamsini na moja na goti moja bovu. Niliteremka kwa makalio, polepole, nikishika nyasi, na sikuangalia kama kuna mtu juu. Alinikuta njiani akanipa mkono. Tulishusha utepe pamoja. Ulilia mapema mno. Alinionyesha alama kwa kidole gumba: 7.9.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. 7.9.

Sheria ya bwawa imebandikwa kwenye chumba cha lango, juu ya tuta: bomba lolote likivuka mstari mwekundu na wahandisi wawili wakatia saini, lango la chini linafunguliwa bila kusubiri mtu. Tuliingia tukichuruzika maji. Fundi wa Lango alikuwa anakunywa chai. Mgeni akafungua kitabu, akaandika nambari, wino, akatia saini. Akanisogezea.

Fundi akaweka kikombe chini. "Mama, samahani. Waraka wa Mkuu huu hapa. Saba haihesabiki, kwa sababu ya rekodi yako. Sasa nifuate mstari au nifuate rekodi?"

"Rekodi ni ya uongo," nilisema.

"Ya nani?"

"Yangu. Sijasoma saba wakati wa mvua tangu mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nanakili. Na niliowafundisha walinakili."

Nikaona kwamba lazima nimalize, nikamgeukia Fundi. "Niliteleza. Ulikuwepo. Ulicheka mpaka ukakaa chini."

"Mimi?" Fundi alikunja uso, anatafuta kweli, na hakupata. "Mama, mimi nacheka kila kitu. Uliteleza lini?"

Hakumbuki. Miaka ishirini na miwili nimelibeba jambo lile kama jiwe kwenye kiatu, na mwenye jiwe hana habari.

Sikuthubutu kumtazama Mgeni. Alinisemesha kwa sauti ndogo, na ingekuwa heri angepiga kelele.

"Wiki tano, mama. Nilikwenda kupimwa macho. Daktari akasema macho ni mazima, nikamwomba apime tena. Nikaanza kufikiri ni kichwa."

Nilisema, "Naomba kalamu," nikatia saini chini ya yake.

Fundi akasimama. Alibonyeza king'ora ili watu watoke kwenye kijito, akasubiri robo saa ya sheria, nami nikatumia robo saa hiyo kumpigia wifi. "Toka hapo, nenda kwa shangazi yako wa mlimani," nikamwambia, "sasa hivi."

"Ulisema nisihame!"

"Nilisema kama gazeti. Sasa nasema kama wifi."

Mota ya lango imekufa tangu mwaka juzi. Linafunguliwa kwa gurudumu la chuma, mizunguko mia moja na sitini. Tulilishika watatu. Kufika arobaini, viganja vyangu vilichubuka. Kufika tisini tukasikia chini yetu mngurumo, kisha sakafu ikaanza kutetemeka kama sakafu ya mashine ya kusaga, na maji yakatoka upande wa pili, meupe.

Mkuu aliingia tulipokuwa mia moja na thelathini, miwani imejaa matone. "Nani kawaruhusu?"

"Sheria, iko nyuma yako," nilisema. Nikamweleza yote, nikiendelea kuzungusha, kwa sababu ningeacha ningeanguka. Nilijua anavyoweza kufoka. Nilikuwa nimejiandaa.

Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Akafuta miwani, akasema, "Namba tatu."

"Namba tatu imefanyaje?"

"Kabla sijawa Mkuu nilisoma miaka minne. Namba tatu ina nyuki. Sikuisogelea."

"Ina nyuki mpaka leo," Fundi akasema.

Mgeni aliliachia gurudumu, akachukua utepe na helmeti, akatoka. Hakuna aliyemtuma. Alirudi baada ya nusu saa akiwa na uvimbe juu ya jicho na nambari ya namba tatu. Hiyo, angalau, iko salama.

18 Aprili

Saba: 7.9. Bwawa limepungua mita moja tu. Mvua inalijaza karibu kadiri tunavyolitoa.

19 Aprili

7.9.

20 Aprili

7.8. Nimekaa juu ya tuta kutwa nzima kama mgonjwa anayesikiliza tumbo lake. Wifi amepiga simu mara sita. Bustani yake imezama, mboga zote. Ameniambia maneno ambayo sitayaandika, nami nimeyastahili yote isipokuwa moja.

22 Aprili

7.9. Maji hayapandi tena.

25 Aprili

8.2. Nilimwomba Fundi arudie kunisomea nambari hiyo, naye akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

3 Mei

Bwawa limeshuka mita nne. Mgeni alitembea kwenye tope la upande wa maji, pale palipokuwa pamezama, na saa tano alituita. Mkabala na saba kuna shimo. Mdomo wake ni wa ukubwa wa beseni, kingo zimelainika kama koo. Fundi aliingiza ufito wa mita tatu, ukaisha. Akafunga ufito wa pili kwa waya, ukaisha nao. Alipoutoa hakufanya mzaha wowote.

Mkuu alivua helmeti. Aliangalia bondeni, akaangalia shimo, akahesabu jambo fulani kwa midomo. "Mhandisi," alimwambia Mgeni, "andika ripoti. Kurasa unazotaka."

Ni mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. Na mimi, nikipitia kurasa za daftari hili, naona wapi pa kujisahihisha.

11 Mei

Nimesimamishwa kazi wakati uchunguzi unaendelea. Barua ni fupi na ya haki. Mkuu pia amejiandikia ya kwake kuhusu namba tatu na kuipeleka bodi, jambo ambalo sikulitegemea. Redioni watu wanatutukana kwa sababu ya mgawo wa maji utakaokuja. Wanasema kuna msichana kamwaga bwawa. Niliinua simu kupiga studio, nikaiweka chini. Nina hakika ningeongea vizuri mno.

19 Mei

Nimemwandikia barua yule msichana wa mstari wa nyuma, kupitia kwa mwalimu mkuu wake. Nimemwambia jibu langu lilikuwa la uongo, na nimemweleza nilichofanya siku niliyochekwa. Mume wangu aliisoma kabla sijaifunga. Amebadilisha mkato mmoja tu.

28 Mei

Mhandisi amethibitishwa kazini. Nilisikia kwa Fundi. Yeye mwenyewe hakunipigia, wala sikustahili.

30 Mei

Amekuja. Alisimama mlangoni na masanduku mawili, yaliyojaa vitabu vya vipimo vya miaka ishirini na miwili, na dereva wa ofisi nyuma yake akiwa na la tatu. Mume wangu alimkaribisha chai. Alishukuru, akasema atakunywa baadaye.

"Tunatengeneza tuta," alisema. "Wakarabati wanataka kujua lini lilianza. Nahitaji kujua nambari zipi ni za kweli. Zote, mama. Sihitaji sababu."

Nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima. Nikayameza. Akafungua kitabu cha kwanza, cha masika yangu ya kwanza, karatasi zimekuwa za manjano, akaweka kidole kwenye safu ya saba. Mwandiko wa msichana, mdogo na wenye bidii kupita kiasi.

"11.3. Hii?"

"Ya kweli. Nilishuka."

"11.1?"

"Ya kweli."

"10.9?"

Nilisogeza kitabu karibu. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Ndiyo siku niliyoteleza. Nilikwisha kusoma, nilikuwa napanda kurudi. Nambari iliandikwa na mkono wenye tope, doa la kidole bado lipo. "Ya kweli," nilisema.

Aliziandika zote tatu kwenye karatasi yake, akaweka nukta kwenye mraba, moja, mbili, tatu. Zilikuwa zinashuka. Tangu mwaka ule, kila mvua iliponyesha, saba ilikuwa macho.

"Tatu zinatosha kuchora mstari," alisema. Akauchora kwa rula, akautazama kwa kichwa kilichoinama upande. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili alinitazama usoni. "Hizi zitatusaidia, mama."

Kisha akafunua ukurasa unaofuata, akaweka kidole.

"Na hii?"

"Ya kubuni."

"Hii?"

"Ya kubuni."

"Hii?"

"Sikumbuki."

"Basi naandika hukumbuki," alisema, akaandika, akashuka mstari mmoja.